Chapakatwa, Chashikwa

Suweid wa dukani Konde kanipa wiki moja.
"Chukua kishikwambi, mwalimu, ukakijaribu.
Ukikipenda, niletee kipakatalishi chako na laki mbili juu,
tumemaliza."
Akakipangusa kioo kwa ncha ya shati
kama mtu anayeuza tungule.

Changu ni kizito, kweli.
Kikipata moto chavuma kama mashine ya kukobolea,
betri haifiki mwisho wa kikombe cha chai,
na umeme wa hapa waujua.
Herufi M iling'oka mwaka juzi;
pamebaki kichuguu cha mpira
nakibonyeza kwa ukucha.
Lakini ndani mna maneno elfu tatu na mia moja
niliyoyaokota kaskazini hii, jiko kwa jiko,
kila moja na siku yake na aliyelisema.

Jumapili nikaenda na kishikwambi Tumbe
kwa Bi Mkasi Faki, msuka mikeka.
Chepesi! Nilikitia mkobani pamoja na kilo ya sukari.
Nikakilaza juu ya miyaa, kikasikiliza.
Hakikuvuma, hakikuomba waya,
dakika arobaini na mbili za ukili na upindo
na ugomvi wake na wifi yake kuhusu rangi ya zambarau.
"Chaitwaje hicho?"
"Kishikwambi."
"Kishika nini?"
Nikamsikilizisha sauti yake mwenyewe.
Akainamisha kichwa, akasikiliza sana.
"Ntu huyo," akasema, "hana kazi kwao?"

Usiku nikaanza kuandika.
Hapo ndipo.
Kibodi yake ilikula nusu ya ukurasa,
vidole vikawa vinagonga kioo
kama mgeni asiyejua mlango uko wapi.
Nikaandika nkono, kikaweka mkono.
Nikaandika ntoto, kikaweka mtoto.
Nikarudia; kikarudia.
Nti. Mti.
Kwa adabu kabisa, bila kelele,
kama mwalimu wangu wa darasa la nne, fimbo kwapani.
Pa kukinyamazisha nilipapata saa sita,
ila nilikwisha kukishuku:
nani ajuaye kilichosahihisha nilipopiga mwayo?
Na jedwali langu la safu tisa kilinionyesha mbili,
nyingine nizivute kwa kidole, kama pazia.

Nikakirudia kile kizito.
Nikakipakata.
Kikanguruma, kikanichoma mapaja,
nikaandika nkono, kikaniachia nkono.
N yake nzima. M ndiyo yenye taabu.
Nikacheka peke yangu, jirani akakohoa ukutani.

Waliovipa majina walijua zaidi yangu.
Cha kushikwa, mwenyewe huja akakidai.
Cha kupakatwa hukulowesha nguo
na bado ni chako.

Ijumaa asubuhi nikakirudisha.
Suweid hakununa. Kidole juu ya kioo, akauliza:
"Nafuta vyote?"
"Subiri."
Sauti ya Bi Mkasi imo humo, nami sikuihamisha;
flashi yangu ilikizunguka kingo zote nne
isipate pa kuingilia.
Nikakaa juu ya kreti ya soda,
kimoja mapajani, kimoja kauntani kikisema,
nikaandika.
Wateja wawili wa vocha wakangoja, mmoja akaondoka.
Tulipofika kwenye shupatu
Suweid akazima feni apate kusikia.
"Kwetu Kojani," akasema, "hatusemi hivyo."
"Mwasemaje?"
Akalisema, mara mbili, polepole,
akiona haya kidogo mbele ya mteja.
Lilikuwa na M mbili.
Nikakitafuta kichuguu cha mpira kwa ukucha.