Rula ya Bandarini

Saa tatu kamili asubuhi, inyeshe isinyeshe,
nashuka ngazi za Bandari ya Kusini
na daftari ndani ya mfuko wa nailoni.
Ngazi ya saba siku hizi ni ya samaki. Nasimama ya nne.
Nguzoni pamepigiliwa rula ya chuma,
tarakimu zimeliwa na kutu:
tatu inajifanya nane, nane imekuwa sifuri mbili zilizobebana.
Lushinge, aliyeniachia kazi hii, alisema:
usisome wimbi likipanda, usisome likishuka,
ngoja ziwa livute pumzi,
hapo katikati ndipo uandike.
Miaka kumi na tisa naingoja pumzi hiyo.

Namba yangu huenda kwa simu. Ofisi huitia kwenye jedwali,
jedwali husafiri hadi Jinja, ambako sijafika,
ambako ziwa lote hili, la Musoma, la Bukoba, la Ukerewe,
hupenya kwenye milango michache ya chuma
na mtu mmoja (namwaza ana kikohozi, chai yake inapoa)
huambiwa: fungua kidogo. Funga.
Huko chini wanangoja wenye mashamba.
Huku juu tunangoja wenye vyumba.
Maji hufuata mkondo, walisema wa kale.
Hawakusema mkondo unafuata daftari la nani.

Mwaka ule maji yaliipita rula.
Sisemi kwa mafumbo. Yalimeza tarakimu ya mwisho,
yakameza na msumari wa juu,
gugumaji likaja likaketi pale kama kuku anayeatamia.
Nikapiga simu: rula imeisha.
Wakasema: andika namba.
Namba zimeisha.
Kimya. Nikasikia feni ya ofisi ikizunguka.
Andika namba, dada.
Nikaenda kwa Ng'washi fundi cherehani,
nikaazima futi yake ya kupimia viuno,
nikaifunga nguzoni kwa uzi wa nyavu,
na kwa miezi miwili ziwa zima
likapimwa kama bibi harusi.

Mjini, Mirongo walishaujengea kuta.
Mawe Mwanza hatujawahi kuyakosa;
wakayapanga pande mbili, wakamwaga saruji,
mkandarasi akapigwa picha na kofia yake ya manjano,
mto ukimfika kifundoni, mpole,
umebeba chupa na kandambili moja.
Mto wenyewe mdogo, unauvuka kwa hatua nne.
Lakini ziwa likijaa hauna pa kwenda:
unafika mlangoni, unakuta pamekaliwa,
unarudi nyuma kama mgeni aliyenyimwa kiti
kutafuta godoro la mtu Mabatini.

Godoro lilikuwa la wifi yangu, Minza.
Alipanga viroba kumi na viwili vya mchanga.
Cha kumi na tatu kilikuwa cha mchele; mchanga ulimwishia.
Maji yaliingia usiku bila hodi
na kulipokucha yalikuwa yameacha mstari wa tope,
mnyoofu kuliko wowote niliowahi kuchora.

Kwenye mwimo wa mlango uleule
Minza humchora mwanawe Sayi kwa penseli,
kila Krismasi, kisogo kikigusa mbao.
Tope lilikuwa juu ya penseli zote.
Nilitaka kusema jambo la kitaalamu.
Nikashika ndoo.

Jana nimepita kwake. Sayi akavua viatu,
akajibana kwenye mwimo, akazuia pumzi,
nani kamfundisha sijui.
Minza akamlazia kisu utosini, akachora.
Vidole viwili juu ya tope.
Nimeyapita, akasema mtoto. Shangazi, andika.

Nikafungua daftari. Halina safu ya jambo hilo.
Nikaandika pembeni, kwa wino uleule wa serikali,
tarehe, saa,
Sayi: vidole viwili juu ya maji.