Mbweu ya Bihogo

Alfajiri, Rushere haijafumbua jicho,
nakoroga unga wa kijivu kwenye kopo la bluu,
kijiko kimoja, bapa, kisichorundikwa,
kama alivyosisitiza Kyarisiima, bibi mifugo,
akipiga mstari hewani kwa kidole.
Maziwa yawe vuguvugu. Yasichemke.
Yakichemka, anasema, dawa inakufa
na wewe umekoroga vumbi.

Vumbi nalijua.
Mwaka juzi nilizika ndama wawili nyuma ya migomba,
mmoja wa kuhara,
mwingine wa kupungua tu:
leo mbavu tano zinahesabika, kesho saba,
keshokutwa hakuna wa kumhesabu.
Maziwa ya mama zao yalikwenda yote kituoni, kwenye madebe,
kwa sababu karo ya shule ina sauti
na ndama mwenye njaa hulia polepole.

Sasa huyu Bihogo.
Damu ya Friziani, jina la ng'ombe wa marehemu baba,
mwekundu wa giza, na doa jeupe begani
kama aliyemwagikiwa.
Dang'a aliipata kabla jua halijagusa bati,
lita tatu, nami nikitazama kila funda
kama mtu anayelipa deni la mwenzake.

Nilipomweleza jirani yangu Rwabushaija
alicheka mpaka fimbo ikamtoka.
"Unamlisha ndama ili asipige mbweu?
Mgeni akila kwangu asipopiga mbweu
najua nimemlaza njaa!"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari.

Wiki ya kwanza: kifua, sentimita sabini na mbili.
Wiki ya nne: themanini. Nywele zimelala, zinang'aa.
Wiki ya sita: sikupima. Mvua ilibeba daraja, unga ukachelewa.
Wiki ya tisa: tisini na moja. Anatafuna kaliandra.
Amemkanyaga Ainebyona kidole cha mguu
na hakuomba radhi.

Kyarisiima huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaeleza:
tumbo la ndama ni kijiji kisicho na watu bado.
Wanaohamia kwanza ndio hugawana mashamba,
na wapo wadudu, wadogo kuliko jina lao,
ambao kazi yao ni kupika hewa
inayopanda na kutanda juu kama blanketi.
Tukiwawahi mlangoni angali mchanga
huenda wakabaki wachache mpaka uzee wake.
Huenda, anasema.
Nampenda kwa neno hilo.
Waliokuja kabla yake walikuwa na "lazima" nyingi,
na pikipiki mpya.

Mimi hewa hiyo sijaiona.
Niliona lambo letu likikauka mwezi wa saba,
matope yakipasuka vipande vipande kama mkate wa juzi,
na ng'ombe wakisimama pale pale
wakisubiri maji kwa mazoea.
Kama pumzi ya Bihogo ina mkono katika hilo, sijui.
Kama ina mkono, ni kidole kimoja,
na vidole vingine vina magari.

Pakiti ni bei ya lita tano.
Mke wangu hulipa, kisha hunitazama
mpaka nione aibu ya kupiga miayo.
Jana lakini nilimkuta zizini peke yake,
utepe shingoni kama fundi cherehani,
akimnong'oneza ndama habari ambazo mimi sijawahi kuambiwa.

Na Rwabushaija ameegemea ua asubuhi hii.
Hakuuliza habari za mbingu.
"Hizo nywele," alisema, akitazama pembeni,
"unampaka nini?"

Kabla sijajibu Bihogo aliinua shingo,
akaniweka sawa usoni,
akatoa kitu chenye joto, harufu ya maziwa na majani mabichi.
Tukatazamana watatu.
Nilichomoa kalamu sikioni.
Wiki ya kumi na mbili, niliandika:
amepiga mbweu.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza:
ndogo.