Dakika Tatu Mbele ya Bodi ya Maji

Ukumbi wa zimamoto, Tamarack Flat.
Viti vya chuma, kahawa iliyoungua kwenye birika,
na juu ya meza ya bodi kitaa kidogo:
kijani, manjano, nyekundu.
Kila mkazi dakika tatu.

Mimi ni Lorna Pettibone.
Nimechunga mabwawa ya majitaka ya mji huu
miaka kumi na tisa.
Nyinyi mkishabonyeza, mmesahau.
Mimi ndiye mpokeaji wa msivyotaka kuviona tena:
nywele, mafuta ya nyama, mara moja pete ya ndoa.
Niliirudisha. Hakuniuliza niliioshaje.

Leo mnajadili vyumba themanini na vinne,
hoteli yenye vidimbwi vya moto katikati ya theluji.
Bwana Kessler, mhandisi, ametuonyesha chati:
mstari wa buluu, umenyooka kama uzi wa mwashi.
Mtambo haujawahi kufurika, amesema.
Kumbukumbu zote ni safi.

Kumbukumbu hizo niliziandika mimi.
Kwa penseli, maana kule bwawani wino huganda.

Basi sikieni.
Mwaka ule theluji ilipozika vibao vya barabarani,
usiku mmoja wa Februari, umeme ulikatika.
Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Nyumba za wikendi zilijaa wageni,
huyu anaoga, yule anafua,
na bwawa la tatu likapanda,
kidole kwa kidole,
mpaka ukingoni.
Nikaenda kwenye vali ya zamani, ile ya upande wa kijito.
Ilikuwa na kutu. Niliizungusha kwa mikono miwili.
Dakika arobaini, nilizihesabu kwa saa yangu.
Mbalamwezi ilikuwa kali. Kilichotoka kilikata theluji
kikaacha mchirizi wa rangi ya chai
hadi kwenye mierebi ya Beñat Iriarte,
anaponywesha kondoo wake.

Asubuhi nikaandika: Hali ya kawaida.
Maneno matatu.

Wiki ile binti yake, Maite, alilazwa
siku nne katika hospitali ya bondeni.
Walisema ni maziwa mabichi.
Beñat akayamwaga maziwa, akauza nusu ya kundi.
Nami nilimpelekea supu.
Nilimpelekea supu, mnanielewa?

Mficha maradhi, mwajua mwisho wake.
Lakini mimi nilichokificha hakikuniumbua:
kimegeuka mstari wa buluu,
na huo mstari sasa una mimba
ya vyumba themanini na vinne.

Manjano. Naiona.

Sikuja kuipinga hoteli. Binamu yangu Dale
ndiye atakayemwaga zege, na benki inamdai.
Wala mlima huu hatukuupata kwa urithi wa haki,
hilo nalo tunalijua na hatulitaji.
Nasema tu: msijenge juu ya mwandiko wangu.
Ng'oeni ile vali, au iandikeni ipo.
Pimeni upya. Pimeni wakati wa sikukuu,
usiku, watu wote wakiwa

Nyekundu.

"Asante," akasema mwenyekiti, Bi. Odegaard,
bila kuinua macho kwenye karatasi.
"Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Beñat.
Alisimama polepole, kofia mkononi,
tope la zizini bado kwenye buti.
Hakuitazama bodi. Alinitazama mimi,
muda mrefu, kama atazamavyo mguu wa mnyama
kabla hajaamua.

"Dakika zangu," akasema, "mpeni huyu.
Hajamaliza."

Akaketi. Kitaa kikarudi kijani.

Nami nimesimama hapa, mikono juu ya kipaza sauti,
dakika tatu nzima, sina hata neno.
Nyuma ya ukuta mtu amevuta maji ya choo.
Bomba linaguna, kisha linashuka.
Njia yake naijua: kona ya posta,
chini ya uwanja wa shule, mteremko wa makaburini,
dakika kumi na moja
kufika kwangu.