Daftari la Hodi

Saa tisa usiku, Bondeni. Stima imerudi.
Feni yaanza kukohoa, kisha seva,
kisha mimi.
Kisanduku chenyewe si kikubwa kushinda sanduku la viatu.
Nimekiweka juu ya kabati la marehemu mama
kwa kuwa mvua ya Mei huingia chini ya mlango
na haibishi hodi.

Kazi yake ni moja: kuhesabu.
Kamusi yetu ya Kimvita ina mlango wazi mtandaoni,
na kila aingiaye, kisanduku hupiga kijiti:
mmoja, kutoka Kisauni.
Mmoja, kutoka Maskati.
Hakiulizi jina. Hakiulizi ni mwana wa nani,
wala hakimfuati mtu hadi kwake kumchungulia chunguni.
Ndivyo tulivyoagana na Mselem siku ya kwanza:
mgeni ahesabiwe, asipekuliwe.

Wako huko ng'ambo wanaokuhesabia bure.
Mselem akasema, cha bure kina mwenyewe.
Tukakataa. Tukajenga chetu.
Hakuna aliyetwambia kuwa kujenga ni siku moja
na kupiga deki ni umri mzima.

Jumatatu, diski imejaa.
Nafuta kumbukumbu za mwaka juzi kama achaguaye mchele,
nikiogopa kutupa punje nikabakisha jiwe.
Alhamisi, cheti kimepitwa na muda,
wageni waambiwa mlangoni: nyumba hii si ya kuaminika.
Nyumba yangu!
Toleo jipya lataka hifadhidata mpya,
hifadhidata mpya haisikizani na ile ya zamani,
mawifi hao, nami katikati nasuluhisha
hadi mwadhini wa jirani anasafisha koo.

Na roboti, sikwambii.
Huja elfu kwa usiku mmoja, hawana haya, hawana hodi,
wafungua kila ukurasa na hawasomi neno.
Hesabu ikapanda, Mselem akanipigia: "Tumepata watu!"
Hao si watu, Mselem. Hao ni nzi.
Naziba tundu moja, watafuta jingine.

Mselem sasa yuko Doha, analinda ghala.
Ufunguo anao bado. Nafasi hana.
Mwanangu Raya aliniuliza, "Baba, walipwa na nani?"
Nikamwambia, na wewe ukioga walipwa na nani?
Akacheka. Lakini swali lilibaki chumbani
likinuka waya ulioungua.

Machi nilikosea herufi moja.
Moja tu, nikisasisha, usingizi umenilemea.
Siku kumi na moja grafu ililala chini, sifuri, sifuri,
nami nikaamini.
Nikasema, basi, hakuna tena atakaye kujua kidaka ni nini.
Sikuchunguza hata.
Nililala mapema masiku yote kumi na moja,
na nakiri, kwa raha.

Siku ya kumi na mbili ikaja barua
ya bibi mmoja wa Mtwapa, simjui:
"Neno kidaka mmelieleza ndivyo sivyo.
Si rafu ya ukutani tu.
Ndimo walimoweka kitu wasichotaka kukisahau.
Rekebisheni."

Aliingia, basi. Akasoma. Akakasirika.
Kijiti chake hakimo.

Nikarudisha ile herufi. Nikarekebisha kidaka.
Grafu ikainuka kidogo,
mtu aliyesikia jina lake chumba cha pili.
Kisha nikachukua daftari la Raya, la hesabu,
ukurasa wa mwisho, nikaandika kwa kalamu:
bibi wa Mtwapa, mmoja.

Leo toleo jingine limetoka.
Lasema limetengeneza kasoro sitini na moja.
Halisemi limekuja na ngapi.
Namimina chai iliyobaki, nahifadhi nakala mara mbili,
nabonyeza.

Feni yakohoa.
Subiri.