Yai la Viini Viwili

Mzani ulisema ishirini na sita nukta nne.
Kompyuta ikasema alama ya kuuliza,
kisanduku kitupu, saba, ziro.

Milembe wa ghala la asali akanipigia saa mbili na robo:
"Fundi, mashine mpya imekuja na jini lake."
Nikapanda baiskeli kutoka Ng'ambo,
bisibisi mfukoni, na waya wangu wa pini tisa,
ule nisiomwazima mtu.

Nikaanza na mepesi:
nikachomoa, nikapuliza vumbi, nikachomeka.
Kasi, elfu tisa mia sita, huku na huku. Sawa.
Mdomo wa huyu umeelekea sikio la yule? Sawa.
Nikaunganisha pini ya pili na ya tatu
ili mashine ijisemeshe yenyewe.
Ikatuma A, ikapokea A.
Tundu zima, waya mzima, mzani mzima.
Basi mgonjwa nani?

Nje, Kapalata na wenzake wa Ipole
wameketi juu ya ndoo zao.
Hawakusema kitu.
Kimya chao kilinisukuma mgongoni kuliko kelele.

Mashine ya zamani, iliyomfia Milembe mikononi mwezi wa tatu,
ilikuwa nzito kama tofali, yenye kiini kimoja,
na haikuwahi kumdhulumu mtu gramu.
Hii ina viini viwili.
"Si ndiyo bora?" Milembe akauliza.
"Yai la viini viwili ni baraka."
"Baraka ya kukaanga," nikamwambia.
"Jaribu kuliatamisha."

Baba yangu alikuwa mtu wa ishara, stesheni ya Tabora,
pale reli inapoachana, hii Kigoma, hii Mwanza.
Mwaka fulani wakatundika saa ya pili ukutani,
ikapishana na ile ya kwanza dakika mbili tu.
Hakuna treni iliyogongana.
Lakini baba hakulala usingizi wa maana
hadi ile saa iliposhushwa.

Herufi hupita kwenye waya kama behewa,
biti nyuma ya biti,
na programu hii kongwe huzihesabu kwa kutazama saa.
Viini viwili, saa mbili:
inaanza kuhesabu huku, inarukia kule,
inarudi na hesabu isiyo ya mtu.
Sita inageuka saba.
Jasho la Kapalata linageuka kisanduku kitupu.

Nikafungua orodha ya kazi, nikaitafuta kwa jina,
nikafuta alama kwenye kiini cha pili.
Kaa hapa. Usitangetange.

"Leta ile ndoo."
Mzani: ishirini na sita nukta nne.
Kompyuta ikasita kidogo, kama mtu anayemeza mate:
ishirini na sita nukta nne.

Milembe hakupiga makofi.
Aliandika pia daftarini, kwa kalamu.
Sikumlaumu; aliyeumwa na nyoka na aogope ung'ongo.
Nikabandika plasta kwenye kifuniko:
IKIZIMWA, UKIIWASHA, FUTA KIINI CHA PILI.

Walinilipa nusu pesa, nusu asali.
Nikiwa njiani, chupa ikigongagonga kwenye kikapu,
nikakikumbuka kile kiini kingine mle ndani,
kizima, chenye nguvu, kinakula umeme,
kinangoja kuitwa.
Sijui kwa nini nilikionea huruma.