Risiti za Mabati

Mimi ndiye karani. Kadhi husema, mashahidi husema,
mimi huandika. Sina neno langu humu
ila nukta na mkato.

Jumatatu, saa tatu na robo, faili la tano:
Mastura binti Rajabu, wa Majengo, Pumwani,
dhidi ya Seif Marjani, fundi wa redio,
mumewe wa miaka ishirini na miwili.

Aliachwa kwa ujumbe wa simu.
Mikono ilikuwa na unga wa kachori,
akamwambia mwanawe wa darasa la tano, Hebu nisomee.
Mtoto akasoma alivyofundishwa na mwalimu,
kwa sauti, akituama penye mkato:
Nimekuacha, moja. Nimekuacha, mbili.
Akainua macho:
Mama, niendelee?

Kama talaka hiyo imeswihi au haikuswihi
lina vitabu vyake, na vitabu vimo mezani.
Mastura hakuja kwa hilo.
Aende, alisema. Mlango anaujua.
Mimi ndiye niliyeununua.

Alikuja kwa nyumba. Vyumba sita, choo nje.
Akafungua kopo la siagi
likatoa harufu ya iliki na karatasi za zamani:
saruji, mifuko kumi na moja;
mbao; bawaba;
mabati arobaini na mawili, geji thelathini.
Risiti zote zimeandikwa jina la Seif.

Nani alilipa?
Mimi, Shehe. Kwa kachori.
Mbona jina ni lake?
Muuzaji aliuliza, Mama, mwenye nyumba anaitwa nani?
Nami nilikuwa mke mwenye adabu.

Kadhi si mtu mbaya, na hilo niliandike.
Huwapa wanawake kiti kabla ya kuwauliza jina.
Lakini karatasi ni karatasi,
na aliyeiandika alikuwa Gikomba, dukani,
na duka liliungua pamoja na mizani yake
ule moto wa kabla ya Ramadhani.

Kuna jambo tulifundishwa chuoni, mimi na kaka yangu,
mkeka mmoja, bakora moja:
anachochuma mke ni chake,
mume hana haki hata ya kuonja.
Kaka alihifadhi vizuri kunishinda.
Ndiye aliyenishikia kidau cha wino
siku ya kugawana nyumba ya marehemu mama.
Weka dole hapa, dada, mambo ya kawaida tu.
Mimi, ninayesoma hati za watu tangu asubuhi,
nikaweka dole.

Sikuja kujieleza. Turudi kwenye faili.

Mastura amelia. Nikaandika: mdai analia.
Nikafuta. Kilio hakina nambari ya kielelezo.
Seif akaleta mashahidi wawili, wazee safi, kanzu zimepigwa pasi,
wakasema walimwona, kwa macho yao,
akisimama juu ya paa.
Kusimama alisimama, alisema Mastura,
akitafuta mawimbi ya redio.

Wakacheka wote, hata askari wa mlangoni.
Nje mvua ya Aprili ikaanza kuipiga Upper Hill,
na huyo mwanamke akageuza kichwa kuelekea dirishani
kama mtu aliyeitwa na mtoto.

Shehe, akasema, naomba swali moja tu.
Sasa hivi mvua inanyesha Majengo.
Kuna bati moja linavuja. Tangu mwaka wa pili.
Nimeliziba kwa lami, kwa sabuni, kwa kitambaa cha eda ya mama yangu.
Mwulize mwenye nyumba:
ni la chumba gani, na sufuria gani huwekwa chini yake?

Kadhi akavua miwani. Akamgeukia Seif.

Nimeandika swali.
Nimeacha mistari minne ya jibu,
na kalamu ninaishika hivi, juu ya karatasi,
wino unaanza kukauka.