Ni Jumamosi Tu

Akonkwa alitia sahihi Alhamisi, baada ya saa ya fizikia,
kwa kalamu yangu, ile inayovuja.
Alirudi na doa la bluu kwenye kidole gumba,
akasema: Nsimire, usianze. Ni Jumamosi tu.

Mama alikuwa anachagua sambaza uani,
wakubwa huku, wadogo huku, waliopondeka wa kwetu.
Hakuinua kichwa. Aliuliza kama jeshi linatoa viatu.
Akonkwa akasema vitakuja.
Basi utavaa vya shule, Mama akasema,
na ukivipasua utakwenda kufanya egzeta
kama nilivyokuzaa.

Alifikisha kumi na nane mwezi wa pili.
Mimi bado, lakini tuko darasa moja
kwa sababu alirudia la nne, mwaka ule wa homa,
au mwaka wa ada, inategemea nani anasimulia.

Jumamosi shule yetu inasoma hadi saa sita.
Kwa hiyo ninaandika mara mbili,
daftari langu, kisha lake,
nikiiga hata mwandiko, ile "g" yenye mkia wa panya,
kana kwamba alikuwepo
na kiwiko chake dirishani
akiyahesabu mabati ya Kadutu.

Saa hiyo yeye yuko uwanjani, juu kule Panzi,
amebeba bunduki ya mti wa mkaratusi.
Za kweli ni nne, anasema, na watu ni mia na kitu.
Wanapokezana kama mwiko msibani.
Hatua wanazihesabu kwa Kilingala,
moko, mibale, moko, mibale,
mpaka usiku anajigeuza kitandani kwa Kilingala
na mdogo wetu Iragi anamjibu gizani: misato!

Jumatatu mwalimu Cishugi alichora ubaoni
jiwe lililorushwa kutoka kilimani,
mshale, pembe, mwendo wa kuanzia.
Akauliza: litaanguka wapi?
Sisi tukatafuta kanuni.
Akonkwa, bila kunyoosha mkono:
Kwanza niambie nani amesimama pale chini.
Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka.
Alifuta ubao polepole, pembe na mshale,
akasahau kutupa kazi ya nyumbani.

Ni Jumamosi tu, na Jumapili kidogo, baada ya misa.
Ni Jumamosi tu, na ile Jumatano
walipoitwa kulinda daraja
kwa kuwa wenye kulilinda hawakuwa wamelipwa.
Alirudi na matope hadi magotini,
soli ya kushoto ikipiga makofi.
Mama aliishona kwa uzi wa nyavu.
Hakusema neno. Alivuta uzi kwa meno.

Usiku mmoja umeme ulikatika, nikamuuliza: kwa nini?
Nilitegemea atataja nchi, bendera,
maneno ya yule ofisa aliyekuja na kipaza sauti.
Alikaa kimya hadi nikadhani amelala.
Kila tukikimbia, akasema,
mimi ndiye ninayebeba sufuria.
Tangu nina miaka sita. Sufuria ile ile.
Nimechoka, Nsimire, kukimbia nikigongwa goti na sufuria.

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Sufuria iko pale jikoni, imebonyea upande mmoja,
na inapika vizuri.

Wiki iliyopita tulifanya mtihani wa majaribio.
Akonkwa ana namba mbili sasa,
moja kwenye kadi ya shule,
nyingine kwenye kikaratasi ndani ya soksi.
Prefe aliingia na karatasi ya majibu mkononi:
Hapa kuna kazi nzuri, kumi na nne juu ya ishirini,
lakini namba hii haimo kwenye orodha yangu.
Ni ya nani?
Ilikuwa Jumamosi. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu.
Niliitazama ile "g" kutoka mbali
na kwa mara ya kwanza sikujua
kama ni yake au ni yangu.